Kusimama na Mtu Usiyempenda

(Hotuba ya kamati ya tawi mbele ya mkutano wa wanachama)



Sisi wa kamati tunasimama mbele yenu leo kwa sababu ya jambo lililoleta maneno mengi. Ndugu mmoja, ambaye wakati wa mgomo aliingia kazini huku sisi tumekaa nje ya lango, sasa ameshtakiwa na mwajiri kwamba ameiba vifaa vya kazi. Ameomba mjumbe wa chama asimame naye siku ya kusikizwa. Wengi mmesema, "Mwacheni azame peke yake." Hasira hiyo tunaijua, maana sisi pia tulikaa nje, na watoto wetu pia walilala njaa.

Lakini kabla ya kukata shauri, tuiangalie kwanza kazi ya wakili, kwa kuwa mjumbe wetu siku hiyo atafanya kazi inayofanana nayo.

Tutawaeleza habari ya mji wa Boston, Marekani, mwaka 1770, wakati nchi ile ilipokuwa bado chini ya Mfalme wa Uingereza. Askari wa Mfalme walikuwa wamewekwa mjini tangu mwaka 1768. Mshahara wao ulikuwa mdogo, na kwa hiyo walipopata nafasi walitafuta vibarua na kukubali malipo ya chini. Ninyi wenyewe mnajua jambo kama hilo linavyowaudhi wafanya kazi. Tarehe 2 Machi, askari mmoja alikwenda kuomba kazi kwenye kiwanda cha kamba, wasokota kamba wakamtukana, na mapigano yakaanza. Siku tatu baadaye, usiku, watu wengi walikusanyika mbele ya askari wa zamu wakawatupia mabonge ya theluji na barafu. Askari wakapiga bunduki. Watu watano wakafa. Mmoja wao, Samuel Gray, alikuwa msokota kamba; mwingine, Crispus Attucks, alikuwa baharia.

Mji mzima ulitaka askari wale wanyongwe. Nani angekubali kuwatetea? Alikubali John Adams, wakili wa miaka 34, ambaye mwenyewe alipinga kabisa kuwekwa kwa jeshi lile mjini. Wakili mwenzake alikuwa Josiah Quincy, kijana aliyekuwa upande wa wananchi vilevile. Na mmoja wa mawakili wa mashtaka alikuwa Samuel Quincy, ndugu yake Josiah wa baba mmoja na mama mmoja!

Je, Adams alifanya nini kortini? Hakusema kwamba jeshi lilikuwa na haki ya kukaa Boston. Wala hakuwatukana marehemu wote. Aliuliza swali moja: usiku ule, mbele ya watu wale, askari hawa walikuwa na sababu ya kuogopa kuuawa au hawakuwa nayo? Daktari mmoja alieleza kwamba Patrick Carr, aliyekufa kwa jeraha lake siku chache baadaye, alimwambia kuwa askari walipiga ili kujiokoa, na kwamba hakuwa na kinyongo na yule aliyempiga. Neno kama hilo lisingefika masikioni mwa waamuzi kama hapangekuwa na mtu wa kuwatetea washtakiwa.

Kapteni wao aliachiliwa. Katika askari wanane, sita waliachiliwa, na wawili walionekana na hatia ya kuua bila kukusudia, wakatiwa chapa ya moto kwenye dole gumba. Na Adams je, wananchi walimtupa? Mwezi wa Juni mwaka ule ule, huku wakijua kwamba amekubali kesi ile, watu wa Boston walimchagua kuwa mjumbe wao katika baraza la kutunga sheria. Baadaye alikuwa Rais wa pili wa Marekani.

Mtu anaweza kusema, "Hayo ni ya mbali." Basi tuje kwetu. Mwaka 1952 Jomo Kenyatta na wenzake watano walishtakiwa Kapenguria. Wawili kati yao, Fred Kubai na Bildad Kaggia, walikuwa wakuu wa vyama vya wafanya kazi. Serikali na walowezi waliwahesabu kuwa watu wabaya kuliko wote. Hata hivyo walipata mawakili: D. N. Pritt kutoka Uingereza, H. O. Davies kutoka Nigeria, Dudley Thompson wa Jamaica, Chaman Lall kutoka India, na wengine waliofanya kazi hapa Kenya, kama Achhroo Kapila na Fitz de Souza. Pritt mwenyewe alishtakiwa kwamba ameidharau korti, akashinda. Washtakiwa walifungwa miaka saba mwezi wa Aprili 1953. Lakini maswali ya mawakili wale yaliandikwa, na mwaka 1958 shahidi mmoja mkubwa wa serikali, Rawson Macharia, aliapa kwamba ushahidi wake ulikuwa wa uongo.

Mawakili wale wengi waliwapenda washtakiwa, tofauti na Adams. Lakini kanuni ni ile ile. Wenye nguvu wakipewa ruhusa ya kusema, "Huyu ni mbaya mno, asisemewe," mtu wa kwanza kunyamazishwa ni mfanya kazi. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Tena sheria iko. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinasema mwajiri, kabla ya kumfukuza mtu kwa kosa, sharti amweleze sababu kwa lugha anayoifahamu, na amsikize, akiwa pamoja na mfanya kazi mwenzake au mjumbe wa chama aliyemchagua mwenyewe. Kifungu hicho hakisemi "mfanya kazi mwema tu." Tukiiacha haki hiyo ife kwa huyu tunayemchukia, kesho tutaidai kwa mdomo gani?

Basi kamati inashauri hivi. Mjumbe wetu asimame naye. Aulize vifaa vilihesabiwa na nani, lini, na ufunguo ulikuwa kwa nani. Asiseme neno analojua ni la uongo, kwa maana hata wakili haruhusiwi kuidanganya korti. Na mjumbe ambaye hasira yake haitamwachia kufanya kazi hiyo kwa moyo mmoja aseme sasa, tumtume mwingine. Kumtetea mtu nusu nusu ni vibaya kuliko kukataa.

Jambo la mgomo halikusahauliwa. Litazungumzwa hapa, mbele yetu, kwa kanuni za chama, na siku hiyo naye atapewa nafasi ya kujibu. Lakini aliulizwa na mwajiri kuhusu wizi, hakuulizwa kuhusu mgomo. Tusimhukumu kwa lile kwa kutumia hili.

Sasa tunaomba maoni yenu, kisha tupige kura.