Wazazi Wote Wawili Wakiwa Kazini, Mtoto Yuko na Nani?



Katika nyumba nyingi siku hizi, baba na mama wote hutoka alfajiri na kurudi giza limeingia. Huyu ni mwalimu, yule dereva wa matatu. Huyu muuguzi wa zamu, yule ana kibanda sokoni. Majirani husema wazazi wa namna hiyo hawana muda wa kulea. Lawama humwangukia mama, baba haulizwi.

Kazi haimfanyi mtu kuwa mzazi mbaya. Mapato hayo ndiyo yanayolipa karo, chakula na matibabu. Linalofaa kuulizwa ni hili: saa ambazo wazazi hawapo, mtoto yuko na nani?

Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtoto haki ya kutunzwa na kulindwa na wazazi, na wajibu wa baba na mama ni sawa, wawe wameoana au hawajaoana. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya miezi 3 na baba wiki 2, zote kwa mshahara kamili. Baba asiache wiki hizo zipite bure.

Mama akirudi kazini, mtoto ana miezi 3 tu, ilhali wataalamu wa afya wanashauri anyonye maziwa ya mama pekee hadi miezi 6. Ndiyo maana Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri kutenga mahali pa kunyonyesha au kukamua maziwa, na kumpa mama muda wa kufanya hivyo. Mama ana haki ya kuuliza mahali hapo ni wapi.

Anayeachiwa mtoto naye atazamwe vyema. Mfanyakazi wa nyumbani awe mtu mzima, aelekezwe kwa heshima na alipwe kwa wakati, kwani aliyevunjika moyo hawezi kulea kwa moyo. Kwa kituo cha kulelea watoto, mzazi apite mchana bila kutoa taarifa: aone maji, choo, mahali pa kulala, na kila mlezi ana watoto wangapi.

Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti jukumu la elimu ya chekechea na vituo vya kulelea watoto. Kwa hiyo, mkutano wa bajeti unapoitishwa katika wadi, wazazi wanaofanya kazi wafike au watume mtu wa kuwasemea.

Jioni, hata nusu saa ina uzito. Simu iwekwe kando. Mmoja apike, mwingine amwogeshe mtoto au akague daftari lake, na siku ya pili wabadilishane. Mtoto aulizwe alicheza na nani na nini kilimuudhi. Akianza ghafla kumwogopa mlezi, kukataa chakula au kuwa na alama mwilini, asipuuzwe. Msaada unapatikana kwa kupiga simu 116, bila malipo.

Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Nyumba yenye wazazi wawili ina mikono minne, na yote inahitajika.