Ulimi Mzito Si Ushahidi wa Ulevi

Hotuba kwa wawakilishi wa jamii za mipakani, Kacyiru, Kigali



Mmezoea kutusikia tukizungumzia magendo, dawa za kulevya na ajali za barabarani. Leo tumechagua kuzungumzia ulimi. Sehemu kubwa ya kazi ya mpakani ni kuuliza na kujibu: unaitwa nani, unatoka wapi, umebeba nini? Na ni desturi ya binadamu kumpima mwenzake kwa namna anavyojibu. Anayejibu upesi huonekana mkweli, anayesitasita hutiliwa shaka, na anayeburuta maneno huitwa mlevi kabla hajanuswa pombe.

Kunena ni kazi ya ubongo na mishipa ya fahamu kabla ya kuwa kazi ya kinywa. Ubongo ukidhurika, usemi huharibika kwa njia mbili kubwa, nazo hazifanani. Ya kwanza madaktari huiita disathria. Hapo mtu ana maneno yake yote kichwani, lakini misuli ya ulimi, midomo na koo haitii amri ipasavyo, kwa hiyo sauti hutoka nzito, ya puani, au hafifu kama mnong'ono. Wazee waliopo hapa wanalikumbuka pambano la Kinshasa la mwaka 1974 kati ya Muhammad Ali na George Foreman. Ali alikuwa bingwa wa maneno kama alivyokuwa bingwa wa ngumi. Mwaka 1984 madaktari walimkuta na ugonjwa wa Parkinson, na kadiri miaka ilivyopita sauti yake ilififia. Alipouwasha mwenge wa Olimpiki mjini Atlanta mwaka 1996, mkono ulitetemeka mbele ya ulimwengu mzima. Hakuna aliyethubutu kumwita mlevi, kwa kuwa kila mtu alimjua. Mkulima wa Bugarama anayetetemeka vivyo hivyo kwenye foleni ya mpakani hana sifa ya kumkinga.

Njia ya pili huitwa afasia. Kinywa ni kizima, bali lugha yenyewe imejeruhiwa. Mwaka 1861, jijini Paris, daktari Paul Broca alimpokea mgonjwa ambaye kwa miaka mingi hakuweza kutamka ila silabi moja, «tan», hata wenzake wakampa jina hilo. Alielewa sehemu kubwa ya aliyoambiwa, na alijibu kwa ishara. Alipofariki, Broca aliuchunguza ubongo wake akaona jeraha upande wa kushoto, sehemu ya mbele. Ila kuna jambo moja ambalo sisi askari tunapaswa kulishika: mtu yule, alipokasirishwa, aliweza kutoa neno la laana kwa ukamilifu. Ndivyo afasia ilivyo. Mgonjwa anaweza kushindwa kutaja jina lake, kisha akatoa tusi, akahesabu moja hadi kumi, au akasali sala nzima, kwa sababu maneno yaliyozoeleka mno hutoka bila kutafutwa. Askari asiyelijua hilo atasema: «Kutukana anaweza, kujibu hataki.» Atakuwa amekosea.

Kwetu mipakani pana jambo zito zaidi. Watu wetu wana lugha nyingi. Mama mmoja wa Rusizi huamka na Kinyarwanda, huuza ndizi kwa Kiswahili, na hubishana bei kwa Kimashi akifika Bukavu. Afasia haizigusi lugha hizo kwa usawa sikuzote. Mgonjwa mmoja hubaki na lugha ya mama yake na kupoteza ya sokoni, mwingine hubaki na ile aliyokuwa akiitumia zaidi kabla ya kuugua, na wapo wanaozichanganya bila kukusudia. Basi mtu aliyezungumza Kiswahili safi mwezi uliopita akikutazama leo kana kwamba hajawahi kukisikia, usikimbilie kusema anajificha. Mjaribu kwa lugha nyingine. Mwite jirani anayemfahamu.

Chanzo kikubwa cha haya kwa watu wazima ni kiharusi, na hapo ndipo dakika zinapohesabiwa. Mtu aliyekuwa akizungumza vizuri akianza ghafla kuburuta maneno au kusema yasiyoeleweka, mwambieni atabasamu, mwone kama uso umependa upande mmoja, kisha ainue mikono yote miwili, mwone kama mmoja unashuka. Ishara moja tu inatosha kupiga simu 912 kuita gari la wagonjwa, au 112 kutuita sisi. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ubongoni kwa kawaida hutolewa ndani ya muda usiozidi saa nne na nusu tangu dalili zianze, na ni lazima picha ya ubongo ipigwe kwanza. Anayelazwa chini ya mwembe «mpaka pombe imtoke» hupoteza muda huo wote. Sukari ikishuka mno kwa mgonjwa wa kisukari, naye huongea kama mlevi. Kama swali ni pombe, kipo kipimo cha pumzi, na hicho ndicho cha kutumia, si sikio.

Ajali za pikipiki nazo huacha watu bila usemi, na hii ni sababu mojawapo ya sisi kusumbua watu juu ya kofia ngumu. Kwa watoto, uchunguzi uliofanywa Kilifi, pwani ya Kenya, ulionyesha kwamba malaria kali inayopanda ubongoni huweza kumwachia mtoto matatizo ya usemi na lugha hata baada ya kupona. Mtoto wa namna hiyo hajarogwa.

Rwanda ina sheria ya mwaka 2007 inayowalinda watu wenye ulemavu, na mwaka 2008 iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa unaohusu haki zao. Sheria hizo zinatuhusu kizuizini na kwenye foleni pia. Mpeni mtu huyo kiti. Ulizeni swali moja kwa wakati, fupi, la kujibiwa ndiyo au hapana, kisha nyamazeni. Msimmalizie sentensi wala msimpigie kelele, maana si kiziwi. Kalamu na karatasi husaidia wengine. Wenye afasia mara nyingi hushindwa kuandika pia, hivyo picha na vidole vitumike.

Kwa familia tunaomba jambo moja. Mgonjwa wenu akivuka mpaka, abebe nakala ya cheti cha hospitali na namba ya simu ya ndugu, ndani ya mfuko mmoja na kitambulisho chake. Mkuu wa kijiji na mshauri wa afya waambiwe mapema, ili tukiwapigia simu saa nane za usiku tukiwauliza habari za mtu aliyekaa kimya mbele yetu, wawe na jibu.