Babu Aliyeuza kwa Kauli: Tumkumbuke Allidina Visram

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa vikundi vya kujisaidia, Keroka)

 

Kabla ya yote tumkumbuke mzee wetu aliyekuwa mweka hazina. Wengi mlimfahamu. Alikuwa babu wa watu wengi, na alikuwa muuzaji hasa. Mbegu na mbolea za kikundi alizipeleka mwenyewe kutoka boma hadi boma, upande wa Kisii na upande wa Nyamira, maana mnajua Keroka yetu imekaa mpakani. Mama asiye na pesa siku ya kupanda hakumfukuza. Alimwambia, "Chukua, utalipa ukivuna." Naye akalipwa, kwa sababu watu walimheshimu.

Basi alipotutoka, tulimlia. Halafu tukafungua daftari. Ndugu zetu, tuliona haya! Madeni mengi hayakuandikwa. Yalikuwa kichwani mwake, na kichwa chake tumekizika. Kuna waliokuja wenyewe kusema, "Mimi nilikuwa na deni la mzee." Mungu awabariki. Kuna walionyamaza. Na kuna jirani wawili ambao mpaka sasa hawasalimiani kwa sababu ya gunia moja la mbolea. Hatusemi haya ili kumlaumu marehemu. Tunajilaumu sisi, tuliomwachia mtu mmoja kazi ya watu wote.

Kwa hiyo leo tumeona vyema kuwasimulia maisha ya babu mwingine, muuzaji mkubwa kuliko wote waliopita katika nchi zetu hizi. Yeye pia aliuza kwa kuamini watu, na yaliyotokea baada yake yanafanana na yetu.

Jina lake ni Allidina Visram. Alizaliwa Kachi, huko India, mwaka 1851 hivi. Inaelezwa kwamba alifika pwani yetu mwaka 1863, akiwa mtoto wa miaka 12 tu, bila mali yoyote. Fikirini mtoto wa darasa la sita akishuka jahazini katika nchi asiyoijua! Alikwenda Bagamoyo, ng'ambo ya Zanzibar, akaajiriwa na tajiri aliyeitwa Sewa Haji Paroo. Kazi ya Sewa Haji ilikuwa kutayarisha misafara ya bara. Wapagazi walibeba nguo, shanga na nyaya, kila mmoja mzigo wa kilo 30 hivi, wakatembea miezi kadhaa mpaka Tabora na Ujiji. Waliporudi walileta hasa pembe za ndovu. Tusifiche: biashara ile iliwamaliza tembo, na wapagazi wengi walifia njiani.

Huyo Sewa Haji alikuwa Mwislamu wa Ismailia, kama Allidina. Lakini alitoa mali yake kwa ajili ya hospitali ya Dar es Salaam ili watu wa kila rangi watibiwe, na hata leo katika hospitali ya Muhimbili kuna jengo lenye jina lake. Kijana aliyelelewa na bwana wa namna hiyo hakujifunza kuhesabu faida peke yake.

Sewa Haji alifariki mwaka 1897. Wakati huo reli ilikuwa inajengwa kutoka Mombasa kwenda ziwani. Ilianza mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901. Wafanyabiashara wengine walingoja waone. Allidina hakungoja. Reli ilipopiga kambi, naye alifungua duka. Wajenzi wa reli walihitaji unga, mchele na nguo, naye aliwauzia. Akaingia Uganda, akawa na mashua ziwani, na viwanda vya kuchambua pamba na kukamua mafuta. Maduka yake yakawa makumi kwa makumi, toka pwani mpaka bara, hata watu wakamwita mfalme wa Uganda asiye na taji.

Sasa mtauliza, mtu mmoja anawezaje kuendesha maduka yote hayo, wakati hakuna simu ya mkononi wala M-Pesa? Hapa ndipo penye somo. Aliwaita vijana kutoka kwao India, akamweka mmoja hapa na mwingine kule. Aliwapa bidhaa kwanza, bila pesa. Kijana aliuza, akarudisha thamani ya mali, akapewa nyingine. Watu wa pwani wanaita mali kauli, yaani mali inayotolewa kwa neno la mdomo, nawe unalipa ukishauza. Wengi wa vijana wale baadaye walifungua maduka yao wenyewe. Duka dogo la Mhindi tulilolizoea katika miji yetu lilienea kwa njia hiyo, mmoja akimshika mwenzake mkono.

Hata huku kwetu yalifika. Waingereza walianzisha kituo cha utawala Kisii, ambako wazee wanaita Getembe, mwaka 1907, na wenye maduka wakafuata. Chumvi, blanketi, jembe, kiberiti, vyote vilipita mikononi mwao.

Tunajua wengine hapa wananung'unika moyoni. "Wahindi walitupunja katika mizani, kwa nini mtusifie wao?" Ni kweli, wako waliopunja. Tena mali kauli yao ilizunguka baina yao kwa wao, Mwafrika akabaki nje. Lakini tuseme ukweli wote. Serikali ya kikoloni iliweka sheria iliyofanya iwe vigumu kumdai Mwafrika deni kubwa mahakamani. Walidai ni kumlinda. Matokeo yake, mwenye duka la jumla aliogopa kumkopesha. Baba zetu walikosa mkopo, si kwamba walikosa akili ya kuuza. Na baada ya Uhuru walioumia ni wao: mwaka 1968 wengi walihama Kenya, na mwaka 1972 Idi Amin akawafukuza Uganda. Mwezi wa Julai 2017 serikali yetu iliwatambua Wakenya wenye asili ya Asia kuwa kabila la 44. Kwa hiyo tunapomkumbuka babu huyu hatumkumbuki mgeni.

Turudi kwa Allidina. Utajiri haukumfunga mkono. Aliwachangia watu wake na wasio wake, na hata Kanisa Kuu la Namirembe huko Kampala lilipata mchango wake. Alifariki mwaka 1916. Mwanawe Abdulrasul alirithi kazi, akamjengea baba yake ukumbusho: shule ya Allidina Visram pale Mombasa, ambayo ipo hadi leo.

Lakini sikilizeni mwisho wake. Mwaka 1923 mwana naye akafariki. Na biashara ile kubwa, iliyokuwa imejengwa kwa miaka mingi, ikaporomoka katika miaka hiyo ya 1920. Bei za mazao zilikuwa zimeanguka duniani baada ya Vita Kuu ya Kwanza, hilo nalo lilichangia. Hata hivyo sisi tunaona jambo moja. Maduka yaliyokuwa ya vijana wenyewe hayakuhitaji babu awe hai. Biashara iliyoegemea jina la mtu mmoja ilimhitaji kila siku. Mti ulianguka, mbegu zikaota.

Je, tuache kuaminiana? Hapana! Kikundi kisichoaminiana hakiwezi hata kununua kamba ya ng'ombe. Katika mfano wa talanta, Mathayo 25, bwana aliwaachia watumishi mali yake akasafiri. Aliwaamini. Lakini aliporudi alifanya nao hesabu. Kuamini na kuhesabu ni ndugu wawili wa tumbo moja. Mzee wetu alikuwa na moyo wa kuamini. Sisi tulikosa kumpa hesabu ya kumlinda, yeye na familia yake.

Basi, tumekubaliana katika kikundi chetu kufanya mambo haya, nasi tunawaomba nanyi myafikirie:

1. Kila mkopo wa bidhaa uandikwe siku ile ile katika daftari mbili. Moja akae nayo mweka hazina, ya pili katibu. Anayekopa atie sahihi au kidole gumba katika zote mbili.

2. Mkopaji awe na shahidi mmoja wa kikundi na mmoja wa nyumbani kwake. Bwana akikopa, mama ajue. Mama akikopa, bwana ajue. Siri ya deni ndiyo inayovunja boma.

3. Kila mwezi madeni yasomwe kwa sauti mkutanoni. Si kwa kuaibishana, ni kwa kukumbushana. Wasiojua kusoma nao wasikie. Hata aliyelipa kwa simu aandikwe, maana simu hupotea.

4. Mweka hazina awe na msaidizi kijana anayetembea naye, ajue wateja, bei na njia. Mzee akichoka, kazi isichoke.

5. Mwanachama aliyelipa vizuri mara kadhaa asaidiwe kuanza meza yake mwenyewe sokoni. Tusimfanye awe mkopaji wa milele. Hapo tutakuwa tumemfuata Allidina katika jambo lake zuri zaidi.

Na wale jirani wawili? Wiki ijayo tutakwenda kwao na wazee na mchungaji. Gunia lile kikundi kitalilipa, nusu kwa nusu na wote wawili wakikubali. Bei ya gunia ni ndogo kuliko bei ya ujirani.

Wapendwa, babu aliyetuuzia mbegu tumeshamzika kwa heshima. Heshima iliyobaki ni kuendelea kuuza kama yeye, na kuandika kuliko yeye.  

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Katika kikundi chenu, ni mambo gani yanajulikana na mtu mmoja tu? Akiondoka leo, mtapoteza nini?

2. Mnawakopesha watu gani, na mnawaacha nje watu gani? Kwa sababu gani?

3. Je, kuna deni lililovunja urafiki kijijini kwenu? Nani anaweza kwenda kupatanisha, na lini?