Chembe za Fahamu na Ugonjwa wa Kifafa



Leo tumekusudia kueleza yanayotokea ndani ya kichwa cha mgonjwa wa kifafa. Mara nyingi tumeona mtu akianguka mbele za watu, nao wakaogopa hata kumgusa, wengine wakidai kuwa povu lake linaambukiza.

Ubongo wa mwanadamu una chembe za fahamu zipatazo bilioni 86. Kila chembe ina kiwiliwili, matawi mafupi ya kupokea habari, na mkia wa kuzipeleka. Mkia utokao kwenye uti wa mgongo hadi mguuni hukaribia urefu wa mita moja, nao ni wa chembe moja tu! Habari hupita humo kwa umeme, chumvichumvi zikiingia na kutoka katika vilango vya utando wake.

Lakini mkia ukimfikia jirani, kwa kawaida haushikamani naye. Hapo pana upenyo usioonekana kwa jicho. Wataalamu walibishana sana juu ya namna habari inavyouvuka. Mwaka 1921 Otto Loewi, katika mji wa Graz, Austria, aliuchochea kwa umeme mshipa wa fahamu wa moyo wa chura, na mapigo yakapungua. Akachukua maji yaliyokuwa katika moyo ule, akayatia katika moyo wa chura wa pili. Nao ukapunguza mapigo bila ya mshipa wake kuguswa. Ikabainika kuwa mshipa hutoa kemikali, nayo ndiyo inayobeba habari. Mwenyewe alisimulia kuwa fikra ya jaribio hilo ilimjia usingizini.

Zipo kemikali zinazomwamsha jirani, na zipo zinazomtuliza. Katika kifafa mizani hiyo huvurugika, chembe nyingi zikalipuka kwa pamoja, na mwili ukatikisika. Vidonge vya fenobabitoni huitia nguvu kemikali ya kutuliza. Mgonjwa akiviacha ghafla kwa kudhani amepona, kifafa huweza kurudi kikali kuliko mwanzo. Dua tumwombee, lakini hakuna dua inayokataza vidonge.

Basi akianguka mtu, ondoeni vitu vigumu vilivyo karibu naye, mlazeni kwa ubavu, wala msimtie kijiko au kidole kinywani. Povu lile haliambukizi. Zikipita dakika 5 naye hajatulia, mpelekeni hospitali haraka.