Viungo vya Mwili na Mwendo Wake



Mazungumzo haya ni juu ya viungo, yaani pale mfupa unapokutana na mwenzake. Katika Hadithi iliyopokewa na Bibi Aisha na kuandikwa na Imam Muslim, vimetajwa kuwa 360.

Si vyote viendavyo sawasawa. Mifupa ya fuvu imeshonana kwa meno kama ya msumeno, wala kwa mtu mzima haisogei. Kwa mtoto mchanga haijakutana bado. Ndiyo sababu utosi wake hupwita, na kwa kawaida hufunga kabla hajatimiza miaka miwili. Pingili za mgongo, ambazo kati yake mna visahani vya gegedu, husogea kila moja kidogo tu. Lakini zikisaidiana humwinamisha mtu.

Vilivyobaki, mwenye kuvitaka na amtazame mtu anayesali. Ainuapo mikono kwa takbira, bega huzunguka kama mchi ndani ya kinu. Lakini kinu hicho hakina kina, na kwa hiyo bega huteguka upesi kuliko kiungo kingine kikubwa. Nyonga, inayokunjwa katika rukuu, ni ya namna hiyo hiyo, ila kinu chake ni kirefu: imepungukiwa wepesi, ikapewa nguvu za kubeba mwili. Kiwiko ni bawaba ya mlango, hukunja na kukunjua, basi. Kugeuza viganja juu wakati wa dua ni kazi nyingine, kwani hapo mfupa mmoja wa kigasha huzunguka juu ya mwenzake. Na atoapo salamu kuume na kushoto, pingili ya kwanza ya shingo, iliyo kama pete, huzunguka katika jino la pingili ya pili. Kisha huhesabu tasbihi kwa vidole. Gumba humfikia kila mwenzake, kwa kuwa shina lake limekaa kama tandiko juu ya punda.

Ama goti, hilo ndilo lenye mashaka. Nalo ni bawaba, lakini likikunjwa huweza kugeuka kidogo. Ndani yake mna gegedu mbili zenye sura ya mwezi mwandamo, na ncha za mifupa zimevikwa gegedu laini, zikilainishwa na ute. Gegedu hiyo haina mishipa ya damu. Ikilika, hairudi kama ilivyokuwa. Mwili mzito huizidishia taabu, na kulala tu hakuiponyi, kwani kiungo hupenda mwendo wa kadiri. Lakini kiungo kikivimba ghafula, kikawa na joto pamoja na homa, mgonjwa apelekwe kwa daktari siku ile ile, wala asikandwe nyumbani.

Wako wazee walioacha kuja msikitini kwa sababu ya magoti, wakiona haya kuketi juu ya kiti mbele ya watu. Imran bin Huswain alipokuwa na maradhi, Mtume (S.A.W.) alimruhusu, asipoweza kusimama, asali kwa kuketi, na asipoweza hilo, kwa ubavu. Viti viwili vitatu viwekwe mwishoni mwa safu kabla ya adhana, ili mzee akifika asiwe na haja ya kuomba.