Mita 750 za Maji ya Chumvi

(Haya ni mazungumzo niliyoyatoa kwa vijana wetu wa kata ya Mwera, wilayani Pangani, Septemba 2024. Walioomba maandishi ni wengi, kwa hiyo nimeyaweka karibu kama nilivyoyasema.)

   Shikamooni mama zangu mliokaa pale chini ya mwembe, najua mmekuja kuhakikisha siwaharibii watoto.

Mwenyekiti aliponipigia simu aliniambia nije nizungumzie sheria na uchaguzi wa serikali za mitaa. Nikamjibu sawa, nitazungumza, ila nitaanzia baharini. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Wewe mtoto, mambo yako." Ndiyo mambo yangu, mwenyekiti, nivumilie. Nikifika mwisho utaona nimefika ulipotaka.

Mwezi wa pili mwaka huu nilishiriki mashindano ya triatloni pale Dar es Salaam. Wengi mnanitazama, naelewa. Triatloni ni mchezo mmoja wenye michezo mitatu ndani yake: unaogelea, ukitoka majini unapanda baiskeli, ukishuka kwenye baiskeli unakimbia. Hakuna mapumziko katikati. Saa ikishaanza haisimami, hata ukiwa umekaa chini unavaa viatu. Ile fupi niliyoshiriki mimi ni kuogelea mita 750, baiskeli kilomita 20, mbio kilomita 5. Ile ya Olimpiki ni mara mbili yake. Kuogelea kunawekwa mwanzo kwa sababu ya usalama: mtu aliyechoka akiwa barabarani atakaa kando ya barabara, lakini aliyechoka akiwa baharini atakaa wapi?

Mchezo wenyewe si wa kale. Yale yanayohesabiwa kuwa mashindano ya kwanza yalifanyika San Diego, Marekani, Septemba 1974, yakianzishwa na watu wa klabu ya riadha waliotaka kubadilisha mazoezi. Olimpiki uliingia mwaka 2000 kule Sydney. Ukiutazama kwa picha unaona baiskeli za bei ya kiwanja, unasema huu si wetu. Mimi nauliza: ni kipi kati ya vitatu hivyo ambacho Mwera hakipo? Hapa baiskeli inabeba samaki, inabeba nazi, inabeba mgonjwa. Mbio? Nchi ya Filbert Bayi haifundishwi mbio. Huyu mwaka 1974 aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch, dakika 3 na sekunde 32.2. Na bahari hiyo hapo Ushongo.

Basi nikajiandikisha. Baiskeli nilikwenda nayo Phoenix ya kaka yangu, ile ile mnayoijua, ya matenga. Nilifungua keria na madigadi kupunguza uzito, nikaipakia kwenye buti la basi. Pale kwenye mashindano walikuwepo watu wenye baiskeli unazoinyanyua kwa vidole viwili. Kijana mmoja akaitazama Phoenix yangu akaniuliza kama nimekuja kuuza maji. Nikamwambia nauza, lakini subiri nimalize kwanza.

Kuvaa nako kulikuwa na maneno. Mimi niliingia na taiti ndefu, blauzi ya mikono mirefu ya kitambaa cha kuogelea na kofia iliyofunika kichwa chote. Msimamizi mmoja akataka kujua kama nina uhakika nitaweza kuogelea hivyo. Nina uhakika, kaka. Kanuni za kimataifa za mchezo zinaruhusu mavazi ya kufunika mwili, nilizisoma mapema, si mnajua sisi tunaosoma sheria tulivyo. Binti yeyote wa hapa aliyeambiwa kwamba michezo ni ya wanaokubali kuvua, amedanganywa.

Filimbi ikapulizwa. Majini mwanzo wa mashindano ni vurugu tupu, teke la huyu, kiwiko cha yule, unakunywa maji ya chumvi bila kuagiza. Nikajitoa pembeni ya kundi, nikatafuta boya la kwanza kwa macho, nikaanza kuhesabu pumzi. Kufika boya la pili nilikuwa peke yangu, na hapo ndipo nilipotulia. Maji yalikuwa yanajaa, mkondo unasukuma kuelekea ufukweni, nikauacha unisaidie. Hilo hakunifundisha kocha, nimelijua tangu mdogo. Nilitoka kwa dakika 24. Wanawake tulikuwa tisa, mimi nilitoka majini wa tatu. Wa tatu, jamani!

Baiskeli sitaizungumza sana. Kanuni inasema unafunga helmeti kichwani kabla hujaigusa baiskeli, na unaisukuma kwa miguu mpaka mstari wa kupandia. Hayo nilifanya vizuri. Mengine ni Phoenix, gea moja, dakika 58, na watu wote niliowaacha baharini wakanipita wakinisalimia kwa adabu. Ukishuka pale ukaanza kukimbia, miguu si yako. Mapaja yanataka kuendelea kuzungusha pedeli na wewe unataka yakimbie, kila mtu na lake. Kilomita ya tatu yakakubali. Dakika 34. Ukijumlisha na dakika saba za kubadilisha vifaa, nilimaliza kwa saa 2 na dakika 3, wa saba kati ya wale tisa, na yule kijana wa maji alinipigia makofi.

Sasa lililonileta hapa ni hizo mita 750.

Nilipomaliza, dada mmoja mzaliwa wa Kigoma, mtu wa ziwa, akaniuliza nimejifunza kuogelea klabu gani. Nikamwambia Ushongo. Nilipokuwa na miaka kumi na moja, mjomba wangu, mvuvi wa ngalawa, alinifunga dumu tupu la lita tano kifuani kwa kamba, akanisimamisha kwenye maji ya kifua, akasema piga miguu. Wiki ya tatu akalitoa dumu. Mama mdogo alikuja juu kweli kweli: mtoto wa kike anatafuta nini baharini? Mjomba akajibu, "Hatafuti kitu. Nataka siku bahari ikimtafuta yeye, asipatikane." Mama mdogo hakuridhika, lakini hakurudi tena kunitoa.

Yule dada akasema kwao wavulana wote wanaogelea na wasichana karibu wote hawajui. Nikamwambia kwetu ni hivyo hivyo. Na hebu tuambiane ukweli hapa, hatuna mgeni. Bamvua ikifika, maji yakatoka mbali, nani wanakwenda miambani kutafuta pweza? Wanawake. Nani wanaingia majini na madera mazito, maji ya magoti, ya mapaja, mtoto mgongoni? Wanawake. Nani wanapanda pantoni pale Bweni kwenda Pangani mjini kliniki, sokoni, benki? Sote, lakini ukiuliza nani kati ya wale waliomo anaweza kuogelea mita hamsini, mikono itakayonyooka ni ya wanaume. Yaani tumewapa wanawake kazi za bahari, tukawanyima elimu ya bahari.

Mwezi huu inatimia miaka 6 tangu MV Nyerere izame Ziwa Victoria, tarehe 20 Septemba 2018. Kivuko kile kiliruhusiwa kubeba watu 101. Waliokufa waliohesabiwa rasmi ni 228. Kilipinduka kikiwa mita chache tu kabla ya kufika gati la Ukara, watu wa nchi kavu wanakiona. Sisemi kwamba wangejua kuogelea wote wangepona. Chombo kikijigeuza juu yako, ujuzi wako una mpaka wake, na kosa la kujaza watu kupita kiasi halihamishwi likabebeshwa marehemu. Anayesimamia kivuko ndiye wa kuulizwa. Lakini nilipokuwa pale kwenye boya la pili, peke yangu, nilizikumbuka hizo mita chache. Mimi naogelea mita 750 kwa ajili ya medali ya bati, na kuna binti wa rika langu alikosa ishirini.

Najua tunajengewa daraja. Mita 525, tunaliona nguzo zake zikipanda, na likikamilika ni jambo jema, hata sisi wa upinzani tutapita juu yake. Daraja litaondoa pantoni, halitaiondoa bahari. Na mto ule, kabla hamjauliza, hapana, hatufundishi kuogelea mtoni. Mamba wa Pangani hawana itikadi.

Ufaransa mwaka huu wameandaa Olimpiki. Triatloni waliiweka kwenye mto Seine, katikati ya Paris, mto ambao kuogelea kulipigwa marufuku tangu 1923. Walitumia kiasi cha euro bilioni 1.4 kuusafisha, na bado mashindano ya wanaume yalisogezwa kutoka Julai 30 kwenda 31 kwa sababu maji hayakuwa safi. Taifa zima likiangalia vipimo vya maji! Sisi tuna maji ambayo watalii wanayavukia nusu ya dunia, na Tanzania ilipeleka Paris waogeleaji wawili, Collins Saliboko na Sophia Latiff. Nawapa heshima yao. Swali langu ni wangapi wametoka kwenye vijiji vya pwani kama hiki, ambako bwawa la kuogelea halihitajiki kwa sababu Mungu ameshalichimba.

Hapo naingia kwenye lile la mwenyekiti.

Ili ufundishe watoto kuogelea unahitaji vitu viwili: mtu mzima anayejua na ufukwe unaofikika. Watu tunao. Ufukwe ndio unaanza kuwa mashaka. Ipo njia tuliyopita tukiwa wadogo kwenda majini, sitaitaja ni ya upande gani wala uzio ni wa nani, maana siwezi kuthibitisha alipewaje. Leo ukifika unakuta waya, unazunguka kwa mbali. Watu wananiuliza: kwani sheria si inasema mita 60? Inasema, lakini isomeni yote. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu hifadhi ya ufukwe ndani ya mita 60. Lengo lake ni mazingira. Haikuandikwa kama hati ya njia yetu ya kwenda kuogelea, na mtu akisimama mbele ya afisa akaisoma kama hati ya njia, atazidiwa hoja saa hiyo hiyo.

Nguvu yetu kubwa iko kwenye Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999. Kwa ardhi ya kijiji, kifungu cha 8 kinasema halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Mkutano mkuu ni nani? Ni kila mkazi aliyefikisha miaka 18. Ni wewe kamanda uliyekaa kwenye bodaboda. Ni ninyi mama zangu. Kabla kiwanja hakijagawiwa, mkutano unaweza kusema: tumekubali, lakini njia ya kwenda majini inabaki, upana wake huu, iandikwe kwenye muhtasari. Isipoandikwa kwenye muhtasari, haikusemwa. Sasa mara ya mwisho mkutano mkuu kufanyika, vijana wangapi walikuwepo? Msinijibu.

Kujiandikisha ni tarehe 11 mpaka 20 Oktoba. Uchaguzi ni tarehe 27 Novemba. Kitambulisho cha chama hakimwandikishi mtu. Unakwenda mwenyewe kituoni, unaandikwa kwenye orodha. Na wagombea wetu wa uenyekiti wa kijiji na vitongoji, ninawaomba kwenye ahadi zenu, pamoja na maji na zahanati, muweke hili: njia za pwani zitambuliwe na ziandikwe, na watoto wa shule ya msingi, wa kike kwa wa kiume, wafundishwe kuogelea kabla ya kumaliza darasa la saba. Gharama yake haifiki posho ya kikao kimoja. Madumu yako kila nyumba. Mkiona aibu kuiweka kwa sababu wapinzani wenu watacheka, wacheke. Wakimaliza kucheka waulizeni wao wameweka nini.

Mimi chuo kinafungua mwezi ujao, kwa hiyo nina Jumamosi nne. Nitakuwa Ushongo alasiri maji yakiwa yanajaa, si yakipwa, nisije nikakuta mtu ananisubiri matopeni. Mjomba amekubali kuja na ngalawa ikae nje yetu kwa usalama. Mabinti wavae watakavyoruhusiwa nyumbani, ila dera hapana, linajaa maji na kuvuta chini. Taiti na blauzi ya kubana inatosha. Akina mama wanaotaka kusimama ufukweni kutuangalia wanakaribishwa, na wanaotaka kuingia wanakaribishwa zaidi. Kila mtu aje na dumu lake la lita tano lenye kifuniko kinachofunga vizuri, na kamba ya katani, siyo ya nailoni, inachubua.

Majina anaandika katibu pale mezani. Maswali?