Shelfu ya Katikati: Tukizisubiri Riwaya za Taharuki kwa Vijana Wetu

Ifuatayo ni hotuba iliyotolewa katika mkutano wa kamati za parokia na wafadhili wa maktaba za vijijini. Tumeichapa kama ilivyosomwa, isipokuwa salamu ambazo tumeziacha.



Nimeombwa nizungumzie vitabu vya kuagizwa kwa ajili ya maktaba zetu katika kipindi kijacho. Badala ya kuwasomea orodha ndefu, nimeona nizungumzie aina moja tu ya kitabu, ile ambayo vijana wetu huiulizia kuliko zote na ambayo sisi huwa nayo kidogo kuliko zote. Nayo ni riwaya ya taharuki: kitabu kinachomfanya msomaji asikie njaa na asiende kula, kwa sababu anataka kujua nani ameiba, nani amepotea, na je, atapatikana?

Ndugu wajumbe, mkitazama makabati ya maktaba zetu mtaona jambo moja. Shelfu ya chini ina vitabu vya watoto. Hapa tumebahatika, maana tangu mwaka 1991 Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania umesaidia waandishi na wachapishaji kutoa hadithi nyingi nzuri za Kiswahili kwa watoto. Shelfu ya juu ina vitabu vya watu wazima: kilimo, afya, katiba, sala, na riwaya za wakubwa. Shelfu ya katikati, ya kijana wa miaka 12 hadi 18, ndiyo iliyo karibu tupu.

Umri huo ndio tunaowapoteza wasomaji. Mtoto amemaliza darasa la saba akisoma kila kitu kwa Kiswahili. Akiingia kidato cha kwanza katika shule nyingi, masomo karibu yote yanageuka kuwa ya Kiingereza, na Kiswahili kinabaki somo moja. Kusoma kunakuwa kazi ya mtihani. Yule asiyeendelea na shule naye hana tena mwalimu wa kumpa kitabu. Wote wawili wanahitaji kitabu kitakachowaita chenyewe, bila kiboko na bila mtihani. Kwa rika hilo, kitabu chenye fumbo na hatari ndicho chenye sauti kubwa ya kuita.

Tulikotoka

Wapo wanaodhani riwaya ya upelelezi ni mambo ya kuiga kutoka Ulaya. Lakini Kiswahili kina mzigo wake. Katika mashindano ya uandishi ya mwaka 1957 hadi 1958, yaliyosimamiwa na Ofisi ya Vitabu ya Afrika Mashariki, mshindi alikuwa Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar kwa riwaya yake Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka 1960. Humo tulimpata Bwana Msa, mpelelezi wa kiko na fikra, ambaye hakimbizani na mtu bali anakaa, anauliza na kupambanua. Inafaa wadau wa maendeleo wajue kwamba mwandishi huyo alifanya kazi ya uhariri katika jarida la kilimo lililoitwa Mkulima. Aliyewaelimisha wakulima ndiye huyo huyo aliyewakosesha wasomaji usingizi.

Mwaka 1965 Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo. Mwaka 1974 Elvis Musiba alitoa Kufa na Kupona, na jina la Willy Gamba likawa midomoni mwa vijana wa wakati ule. Kisa chake kilijengwa juu ya jambo la kweli: Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, na nyaraka za wapigania uhuru zilikuwa na maadui. Baadaye Ben Mtobwa akaja na Joram Kiango. Wengi wenu mlio na mvi mnatabasamu, kwa maana vitabu hivyo mlivisoma chini ya dawati.

Hata hivyo, vingi viliandikwa kwa watu wazima. Vina baa, bastola na mapenzi ya wakubwa. Havikumlenga binti wa kidato cha pili. Kwa hiyo kijana wetu ameachwa njiani: vya watoto vimemwishia, na vya wakubwa havijamfikia.

Tumeona kinachotokea akipata kinachomfaa. Watoto wa Mama N'tilie cha Emmanuel Mbogo, cha mwaka 2002, kwa miaka mingi kilisomwa sekondari. Si hadithi ya upelelezi, lakini msomaji anafuata watoto waliokosa ada na kuangukia mtaani akiwa na hofu: je, watatoka salama? Takadini cha Ben Hanson kina mama anayekimbia na mwanawe mwenye ualbino ili asiuawe. Hakuna kijana anayekifunga kitabu hicho mama akiwa bado njiani. Kwa ndugu zetu wa Kenya, Siku Njema cha Ken Walibora, cha mwaka 1996, kinamtoa kijana Tanga kwenda kumtafuta baba asiyemjua. Vitabu hivi vimepita mikono mingi kwa sababu vina swali linalovuta hadi mwisho.

Tunachokitarajia

Ndugu wafadhili, nina sababu za kutazama mbele kwa matumaini.

Kwanza, tuzo zimerudi. Tuzo ya Mabati-Cornell, ambayo baadaye ilichukua jina la Safal, ilianzishwa mwaka 2014 kwa ajili ya fasihi ya Kiswahili. Mwaka 2015 mmoja wa washindi wake alikuwa Enock Maregesi kwa riwaya ya kijasusi, Kolonia Santita, inayohusu vita dhidi ya biashara ya madawa ya kulevya. Hiyo ilikuwa ishara kwamba taharuki si fasihi ya kuonewa haya. Kisha Serikali, kupitia Taasisi ya Elimu Tanzania, ikaanzisha Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu. Washindi wa kwanza walitangazwa Aprili 13, 2023, tarehe aliyozaliwa Mwalimu, katika riwaya na ushairi. Nia ya tuzo hiyo ni kwamba mswada unaoshinda usibaki kwenye bahasha, bali uchapishwe na kuwafikia wasomaji.

Pili, waandishi wapo, na wanaandika. Kwa miaka mingi hadithi za mfululizo zimekuwa zikitoka katika magazeti, na sasa zinatoka katika simu, sehemu kwa sehemu. Mwandishi anaachia pale mlango unapogongwa usiku wa manane, na msomaji anasubiri kesho. Vijana wetu wengi wanazisoma huko. Wale wanaosema kijana wa leo hasomi, wamtazame anavyosubiri sehemu ya kumi na nne.

Tatu, yako mambo ya kuandikia. Mimi nazisubiri riwaya ambazo hatari yake kijana ataitambua. Nasubiri kisa cha ujumbe wa simu unaosema ile hela itume kwenye namba hii, na binti wa miaka kumi na tano anayeufuatilia hadi kumfikia aliyeutuma. Nasubiri kisa cha msichana aliyechukuliwa kijijini kwa ahadi ya kazi za ndani mjini, simu yake ikazimika, na mdogo wake hakubali kukaa kimya. Nasubiri kisa cha daftari la ushirika wa kahawa lenye kurasa zilizochanwa. Nasubiri mpelelezi mwenye sare ya shule, asiye na bastola, mwenye macho mazuri na ukaidi wa kuuliza.

Hofu za wazazi

Najua baadhi ya wazee wa baraza wana wasiwasi, nao si wasiwasi wa kupuuzwa. Wanasema: vitabu vya wizi vitawafundisha watoto wizi.

Naomba mfungue Kitabu cha Danieli, sura ya 13. Susana anasingiziwa na wazee wawili wenye cheo, na hukumu ya kifo imekwisha kutolewa. Anasimama kijana mdogo, Danieli. Anawatenganisha mashahidi, na kila mmoja anamwuliza swali moja tu: uliwaona chini ya mti gani? Wakataja miti tofauti, na uongo ukafichuka. Mwaka 1928 mwandishi wa Uingereza, Dorothy L. Sayers, aliiingiza hadithi hiyo katika mkusanyo wake wa hadithi za upelelezi, na alifanya sawa. Ina kosa, ina mtu asiye na hatia aliye hatarini, ina ushahidi, na shujaa wake ni kijana. Sidhani kuna aliyejifunza uongo kwa kuisoma. Tunachojifunza ni kwamba cheo si ushahidi, na kwamba swali zuri linaweza kuokoa maisha.

Lakini si kila kitabu chenye jalada la kutisha kinafaa. Kamati ya vitabu ijiulize mambo manne kabla ya kununua. Je, hofu iliyomo ina sababu, au damu inamwagwa ili kurasa zijae? Je, shujaa anafumbua kwa akili, au anabahatisha? Je, uovu una gharama kwa anayeutenda na kwa anayetendewa? Na Kiswahili chake, je, kijana akikiiga tutafurahi? Kitabu kikishinda mitihani hiyo, kiacheni kitishe. Taharuki isiyotisha ni chai isiyo na majani.

Tunachoombwa kufanya

Ndugu Mwenyekiti, kusubiri tu hakuleti kitabu. Niruhusuni nieleze kwa nini vitabu hivi vinachelewa.

Mchapishaji wetu anategemea sana soko la shule. Kitabu kilichomo katika orodha ya shule kina wanunuzi. Kisichokuwemo anakichapa kwa kubahatisha. Riwaya ya taharuki kwa kijana mara nyingi haimo. Basi anachapa nakala chache, bei inapanda, maktaba zinashindwa kununua, watu wanadurufu, na mwandishi anarudi kuuza sehemu kwa sehemu katika simu. Hakuna mhariri, na hakuna kitabu cha kuweka kwenye shelfu.

Njia ya kulikata duara hilo imewahi kujaribiwa hapa hapa. Tuzo ya Burt, iliyoletwa Tanzania na shirika la CODE la Canada mwishoni mwa miaka ya 2000, haikuishia kumpa mwandishi zawadi. Ilinunua pia nakala za vitabu vilivyoshinda na kuzigawa shuleni na maktaba, hivyo mchapishaji alijua mapema kwamba mzigo una mnunuzi. Vilikuwa vitabu vya rika hasa tunalolizungumzia, lakini vilikuwa vya Kiingereza. Naomba sisi tuichukue busara ile na kuitumia kwa Kiswahili.

Kwa hiyo nina maombi matatu.

Kwanza, kila kamati itenge fungu dogo la shelfu ya katikati katika bajeti ya mwaka, na fungu hilo lisihamishiwe kwenye viti na mapazia.

Pili, tuagize kwa pamoja na mapema. Parokia moja ikiomba nakala 10, mchapishaji atajibu akipata nafasi. Parokia 30 zikiomba nakala 10 kila moja, hizo ni nakala 300, na mchapishaji atapiga simu mwenyewe. Ndugu wafadhili, msaada wenu hapa ungefaa zaidi kama ahadi ya kununua kuliko kama shehena ya vitabu vilivyotumika kutoka ng'ambo. Tunawashukuru kwa shehena zile, lakini haziwezi kumlipa mwandishi wa Kigoma au Pemba aandike kingine.

Tatu, tuwe na saa ya kusoma kwa sauti kila Jumamosi. Nakala moja inatosha kuanzia. Msomaji asome sura moja, afike pale pabaya, afunge kitabu. Bibi zetu walijua siri hiyo tangu zamani: fisi akifika mlangoni, wanasema mengine kesho. Mtoto akalala akiwaza, na kesho jioni ndiye wa kwanza kukaa mkekani. Hata pasipo umeme na pasipo nakala za kutosha, hilo tunaliweza.

Pia naomba muwahimize vijana wenyewe waandike. Yule anayeandika kwenye daftari la hesabu visa vya kijiji chake huenda ndiye tunayemsubiri. Tuzo zipo, na milango yake iko wazi. Anachohitaji ni mtu mmoja wa kumsomea mswada na kumwambia ukweli, na mtu huyo anaweza kuwa katibu wa maktaba yenu.

Ndugu wajumbe, mwenye kiu hangoji mvua bila kuandaa gudulia. Vitabu hivi vinakuja. Baadhi viko kwa wahariri, vingine viko katika simu na madaftari. Swali ni kama vitakapofika vitakuta shelfu iliyo wazi, fungu lililotengwa na kijana aliyekwisha kuzoea kukaa Jumamosi akisubiri sura inayofuata. Naomba tutakapokutana tena mwakani kila parokia itoe taarifa ya mambo hayo matatu.